Usianze na ugonjwa, anza na hatua ya RNA

"Nianze na ugonjwa gani?" Hilo ndilo swali lililofunga ujumbe wa msomaji mmoja wiki hii. Amemaliza shahada ya uzamili, anataka kusomea uzamivu katika udhibiti wa RNA, na ameniletea magonjwa matatu nimchagulie mmoja: saratani ya matiti, kisukari na Alzheimer. Mdogo wangu, simchagulii mtu ugonjwa. Ukianza na jina la ugonjwa, miaka miwili baadaye utakuwa na jedwali la jeni 800 zilizopanda na kushuka, na mtu akikuuliza ipi ndiyo chanzo na ipi ni matokeo, utabaki ukilitazama jedwali.

Anza na hatua. RNA hunakiliwa kutoka kwenye DNA, hukatwa introni (vipande vinavyotupwa) na kuungwa eksoni (vipande vinavyobaki), hutolewa nje ya kiini cha seli, husomwa na ribosomu, mashine ya kutengeneza protini, kisha huozeshwa. Kila hatua ina protini zake zinazoisimamia, ina vipimo vyake, na ina namna yake ya kuharibika. Chagua moja, uijue kama mwashi anavyojua tofali. Ugonjwa utakuja wenyewe.

Tazama SMA, ugonjwa wa watoto ambamo neva za uti wa mgongo zinazoendesha misuli hufa. Mgonjwa hana jeni ya SMN1 inayofanya kazi. Anayo pacha wake, SMN2, ila pacha huyo ana herufi moja iliyobadilika ndani ya eksoni ya 7, C ikawa T, na kwa sababu hiyo eksoni hiyo hurukwa katika sehemu kubwa ya nakala. Waliokuwa wanachunguza jinsi eksoni zinavyochaguliwa waliona kwamba ndani ya introni inayofuata kuna kipande kinachozuia eksoni hiyo isiingizwe. Kifunike kipande hicho kwa uzi mfupi wa nyukleotidi, yaani herufi za kijenetiki, eksoni inarudi. Dawa hiyo ni nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016. Mtu aliyeijua hatua hiyo vizuri anaweza kuuliza swali lilelile kwenye thalasemia ya beta, ugonjwa wa damu ambako baadhi ya mabadiliko ya jeni huvuruga ukataji wa introni, au kwenye ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli, ambako protini ya TDP-43 ikitoka kwenye kiini, vipande visivyotakiwa huingizwa ndani ya mRNA (RNA inayobeba maagizo ya protini) ya jeni ya STMN2. Magonjwa matatu, jicho moja.

MaikroRNA, RNA fupi zinazopunguza kazi ya jeni, nazo zilikuja vivyo hivyo. Ya kwanza, lin-4, ilitangazwa mwaka 1993 kutokana na kazi ya Victor Ambros na Gary Ruvkun juu ya mnyoo wa milimita moja, C. elegans. Walichokuwa wanachunguza ni jinsi mnyoo unavyopanga wakati wa kukua kwake. Tuzo ya Nobel ikaja 2024. Mwaka 2002 watafiti wengine walikuwa tayari wameonyesha kwamba miR-15 na miR-16 hupotea katika wagonjwa wengi wa aina moja ya saratani ya damu, CLL.

Nikisema haya kuna anayenitajia Katalin Karikó, mmoja wa waanzilishi wa teknolojia ya chanjo za mRNA, eti yeye aliishika mRNA kwa imani tu mpaka dunia ikamkubali. Imani alikuwa nayo, sibishi. Lakini someni kazi yake na Drew Weissman ya 2005: walichukua RNA zenye uridini (herufi U ya RNA) ya kawaida na zenye uridini iliyobadilishwa, wakazipima kwenye seli za kinga, wakaangalia zipi zinawasha kinga na zipi hazifanyi hivyo. Hilo ni swali lililonolewa, lenye kilinganishi chake kando. Uvumilivu bila swali la namna hiyo ni kupoteza ujana.

Tuje kwenye meza ya maabara, maana huko ndiko wengi wanakokwama na kusingizia bahati.

Adui wako ni RNase, kimeng'enya kinachokata RNA. RNase A imefungwa kwa vifungo vinne vya salfa, haihitaji madini yoyote kufanya kazi, na ukiichemsha hujikunja upya ikipoa. Kwa hiyo kuipika kwa mvuke kwenye mtungi wa shinikizo hakukuhakikishii chochote. Imo kwenye ngozi yako, kwenye mate, kwenye kitasa cha friji. Badilisha glavu kila unaposhika kitu kisicho cha RNA, simu ikiwa ya kwanza. Maji unaweza kuyatibu kwa DEPC, kemikali inayoharibu RNase, ya asilimia 0.1 usiku mzima kisha ukayapitisha kwenye mtungi wa shinikizo ili mabaki yavunjike. Lakini usitie DEPC kwenye bafa ya Tris, kwa sababu Tris yenyewe huila DEPC.

Kutoa RNA kwa Trizol, kimiminika chenye fenoli na guanidini, si uchawi. Mililita 1 kwa miligramu 50 hadi 100 za tishu, au kwa seli milioni 5 hadi 10. Ukizidisha tishu, protini na DNA vitafuata RNA yako. Acha dakika 5, ongeza kloroformu mililita 0.2, tikisa kwa nguvu sekunde 15, subiri dakika 2 au 3, zungusha kwenye sentrifuji kwa 12,000 g dakika 15 kwenye nyuzi 4. Utaona tabaka tatu. RNA iko kwenye maji ya juu yasiyo na rangi. Hapa ndipo uroho unapoharibu kazi: mtu anataka kunyonya hadi tone la mwisho, ncha ya pipeti inagusa utando mweupe wa katikati, na DNA inaingia. Acha kiasi, hasara ni ndogo. Weka isopropanoli mililita 0.5, subiri dakika 10, zungusha tena dakika 10. Osha kwa ethanoli ya asilimia 75, zungusha kwa 7,500 g dakika 5, kausha kidogo tu. Mashapo ya RNA yakikauka mpaka yawe kama kioo, hayatayeyuka vizuri. Yeyusha kwa mikrolita 20 hadi 50 za maji safi, nyuzi 55 hadi 60, dakika 10.

Kisha pima. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280 (260/280) uwe karibu 2.0, na wa 260/230 kuanzia 2.0. Huu wa pili ukishuka, mara nyingi ni guanidini iliyobaki. Osha tena kwa ethanoli. Lakini kipimo hicho cha mwanga hakikuambii kama RNA ni nzima au imekatikakatika. Hilo linaambiwa na RIN, alama kutoka 1 hadi 10. Chini ya 7 usichukue mRNA kwa kushika mkia wake wa A, kwa sababu vipande vilivyokatika havina mkia na utasoma ncha za 3' (mwisho wa mRNA) tu. Tumia njia ya kuondoa RNA ya ribosomu, ambayo ni zaidi ya asilimia 80 ya RNA yote ya seli. Na kama unachotafuta ni maikroRNA, angalia kichujio chako kabla hujamwaga chochote: vichujio vingi vya kawaida hushika RNA ndefu kuliko nyukleotidi 200, na maikroRNA ina kama 22. Utakuwa umeitupa na maji ya kuoshea.

Wanaotafuta alama za ugonjwa kwenye plazma, sikilizeni kwa makini. Seli nyekundu zikipasuka wakati wa kuchota damu, humwaga miR-451 na miR-16 ndani ya plazma. Unafikiri umepata dalili ya saratani kumbe umepima sindano mbovu. Kabla ya kitu chochote linganisha miR-23a na miR-451 katika kila sampuli: tofauti ya Cq (mzunguko wa PCR, mbinu ya kuzidisha DNA, ambapo ishara huanza kuonekana) ikizidi 7, sampuli hiyo imeharibika, iweke kando hata kama mgonjwa wake ni wa nadra. Chota kwa tyubu za EDTA, inayozuia damu kuganda. Heparini huzuia PCR. Makala nyingi zisizorudiwa na mtu zingeokolewa na kipimo hiki kimoja.

Kwenye PCR ya kupima kiasi, tibu RNA kwa DNase, kimeng'enya kinachokata DNA, na uwe na sampuli isiyotiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Ikitoa ishara, unapima DNA. Praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, zivuke kiungo cha eksoni mbili, kipande kiwe na urefu wa jozi 70 hadi 150. Fanya mfululizo wa kupunguza mara kumi. Mteremko ukiwa kati ya -3.6 na -3.1, ufanisi wako uko kati ya asilimia 90 na 110. Jeni za kulinganishia ziwe mbili au tatu, zilizopimwa kuwa hazibadiliki katika seli zako. GAPDH, jeni ya kulinganishia inayotumika sana, si mtakatifu. Hubadilika seli zikikosa oksijeni au sukari, na watu wanaosoma saratani wanaitumia humohumo.

Ukizima jeni kwa siRNA, RNA fupi inayofanya mRNA ya jeni hiyo ikatwe, tumia siRNA mbili au tatu tofauti, kila moja peke yake, kwa kiwango cha chini kinachotosha, kama nanomola 5 hadi 20. Kila siRNA ina herufi chache za mwanzo zinazoweza kushika mRNA zisizohusika, jinsi maikroRNA inavyofanya. Kisha rudisha jeni hiyo kwa nakala ambayo siRNA haiwezi kuikata. Dalili zikiondoka, sasa una hoja. Msimamizi akikuambia urudishaji ni wa wakaguzi wa jarida tu, mwitikie kwa adabu na uufanye.

Kuhusu kusoma RNA nzima ya seli: marudio matatu ya kibayolojia ndiyo kima cha chini kabisa, sita ni bora. Kugawa sampuli moja mara tatu hakuhesabiwi. Visomo milioni 20 hadi 30 vinatosha kwa viwango vya jeni. Kwa uungaji wa eksoni unahitaji milioni 50 na kuendelea, vilivyosomwa pande zote mbili. Usitoe RNA za wagonjwa Jumatatu na za wazima Alhamisi. Ukifanya hivyo, hakuna takwimu itakayotenganisha ugonjwa na siku. Na jifunze R, lugha ya kompyuta ya takwimu, mwenyewe. Unayemngoja akufanyie uchambuzi ndiye atakayeamua lini unamaliza shahada. Kama huna fedha za kusoma sampuli, hifadhi ya GEO ina data za maelfu ya majaribio, bure. Kuzichambua upya kwa swali la hatua yako ni njia halali ya kuanza.

Kuchagua maabara nitakuwa mfupi. Waulize wanafunzi, si bosi: watatu wa mwisho walimaliza kwa miaka mingapi, na wako wapi leo? Omba kuona daftari la maabara la mtu mmoja. Kama halina namba za sampuli wala tarehe, aga.

Hili la mwisho ndilo linaloumiza watu wazuri, na sioni sababu ya kulipaka asali. Ukifanya kazi miezi kumi na minane kwa ahadi ya mdomo, jina lako linaweza kuonekana la nne. Hakuna atakayekuonea huruma, kwa sababu hakuna aliyeandika. Barua pepe ya mistari minne inatosha: jaribio ni lipi, nani analifanya, nani atakuwa mwandishi wa kwanza, na nini kitabadilisha mpangilio huo. Itume kwa wote wanaohusika, subiri jibu, ihifadhi. Fanya hivyo kabla sampuli ya kwanza haijatoka kwenye friji ya nyuzi -80.