Mabaki ya plastiki angavu: dirisha lisipate ukungu

Ndugu yangu wa Tanga, umeuliza kwa nini dirisha la plastiki angavu kwenye nyumba ya vinyago vyako vya mchezo wa vita wa mezani limepata ukungu mweupe, na mabaki uyafanyie nini. Chanzo ni supaglu: mvuke wake hugandia kwenye plastiki, na unyevunyevu wa pwani huzidisha. Tumia gundi nyeupe ya seremala, tone dogo kila pembe, uache usiku kucha, ikikauka haionekani. Dirisha libandike mwisho kabisa, baada ya rangi na vanishi, maana vanishi isiyong'aa hufifisha plastiki.

Plastiki laini ya vifungashio hukatika kwa mkasi. Ile ngumu usiilazimishe, itapasuka: ikwaruze mara kadhaa kwa kisu kikali ukifuata rula ya chuma, kisha ikunje ivunjike kwenye mstari.

Kipande kikubwa kinafaa sana kuwa maji ya mikoko kwenye mandhari ya mchezo. Kioshe kwa sabuni kutoa mafuta ya vidole, kisha paka kijani na kahawia upande wa chini. Ukipaka juu, kina cha maji hupotea. Vipande vidogo vikate viduara vya milimita 25, viwe vitako vya kusimamishia vinyago.