CG125 iliyolala stoo: usinunue kabureta mpya kabla hujaifungua hiyo uliyo nayo

Mkuu, nimesoma maelezo yako vizuri. Pikipiki Honda CG125 ya marehemu baba yako mdogo, imekaa stoo Kibosho zaidi ya mwaka. Sasa inawaka kwa choki tu, ukirudisha choki inazima. Ukishaivutia mafuta inakwenda, ila ukisimama sailensa (mzunguko wa injini ukiwa umeachia mafuta) haikai. Asubuhi unakuta chini ya kabureta kumelowa petroli. Fundi kakwambia kabureta imekufa, ununue mpya.

Usinunue kwanza. Kwa dalili hizo kabureta haijafa, imeziba. Mimi nina CG ya zamani hapa Majengo, naitumia Moshi mjini na barabara ya Himo, na kabureta yake ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Hizi za slaidi (kizibo kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta) ni vyuma vigumu kufa. Kinachoharibika ni vipira, pini ya boya (kielea kinachofunga mafuta bakuli la kabureta likijaa) na vijitundu.

Choki inapunguza hewa ili mafuta yazidi. Injini ikiwa ya baridi, kudai choki ni kawaida. Ikishapata moto bado inaidai, maana yake hewa imezidi mafuta. Ama jeti ndogo (kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha mafuta ya mzunguko wa chini) imeziba, ama kuna hewa inaingia pembeni, mara nyingi kwenye mpira au gasketi kati ya kabureta na injini.

Namna ya kujua shida iko wapi ni kuangalia mkono wako. Bandika selotepu kwenye mshiko wa mafuta, weka alama za robo, nusu na robo tatu, halafu endesha uone inasumbua wapi. Kuanzia sailensa mpaka karibu robo, mwenye kazi ni jeti ndogo na skrubu yake. Robo mpaka robo tatu ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi. Kuanzia hapo hadi mwisho ni jeti kubwa. Yako inasumbua chini na huku juu inakwenda, kwa hiyo jeti kubwa iache kabisa. Wengi wanabadilisha jeti kubwa kwa tatizo la sailensa, wanaishia kuwa na matatizo mawili.

Kabla ya kushika bisibisi, pita haraka kwenye vitu vya bure. Kifuniko cha tangi kina tundu la kupumulia. Likiziba, pikipiki inatembea vizuri kisha inakata kana kwamba mafuta yameisha, ukifungua kifuniko inavuta hewa na kuwaka tena. Yangu ilinifanyia hivyo njia ya Himo, na tatizo lilikuwa vumbi tu. Chomoa mpira wa mafuta, fungua koki ya tangi, uone petroli inatiririka au inadondoka. Angalia filta ya hewa na plagi. Tapeti (nafasi za valvu) nazo zikibana sana, sailensa haitakaa hata kabureta iwe mpya.

Sasa kabureta yenyewe. Petroli iliyolala kwenye bakuli inakauka taratibu na kuacha utando wa rangi ya chai unaonata. Jeti kubwa huweza kuvumilia. Jeti ndogo haiwezi, tundu lake halifiki hata nusu milimita.

Funga koki, mwaga bakuli kwa skrubu ya chini, ipokee petroli kwenye chombo cheupe. Ukiona matone yanayotembea chini kama shanga, hayo ni maji, na tangi nalo lioshwe. Mafuta ya kwenye chupa za barabarani yameniletea sana hilo. Fungulia kabureta juu ya beseni, piga picha kila hatua. Tumia bisibisi inayokaa sawasawa, shaba ni laini na kichwa cha jeti kikishavunjika ni kilio. Skrubu ya jeti ndogo, wengi huiita ya hewa, kabla ya kuitoa, izungushe ndani taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, na uiandike. Ukiikaza kwa nguvu unaharibu ncha na kitako chake.

Toa vipira vyote kabla ya kuweka dawa ya kusafishia, maana inavivimbisha. Jeti ndogo iloweke, kisha iinue juani uchungulie. Unataka duara kamili la mwanga. Ukiona mwezi mchanga, bado. Zibua kwa unywele mmoja wa waya wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Usitumie pini wala waya wa spoku: ukiipanua hata kidogo, hiyo siyo tena saizi yake na hutajua kwa nini inakula mafuta. Fundi mmoja wa mtaani aliifanyia hivyo pikipiki ya jirani yangu, ikabidi jeti inunuliwe upya. Malizia kwa upepo wa kompresa kwa watu wa pancha, pitisha kwenye kila njia mpaka uone unatokea upande wa pili. Kinga macho.

Ile petroli unayoikuta chini asubuhi ni boya na pini yake. Litikise boya sikioni. Likilia maji ndani, limetoboka. Angalia ncha ya pini, ikiwa na mchirizi wa duara imelika, badilisha. Ukishafunga boya na pini, pindua kabureta juu chini na upulize panapoingilia mafuta: pumzi inapaswa kuzuiwa. Igeuze ikae sawa, ipite. Na hili usilipuuze: nusa oili kwenye kijiti cha kupimia. Ikinuka petroli, imeshashuka kwenye injini, mwaga oili kabla hujaenda popote. Na kila jioni ufunge koki.

Ukirudisha, weka skrubu ya jeti ndogo mzunguko mmoja na nusu kutoka inapogusa, au ile hesabu uliyoandika. Endesha mpaka injini ipate moto, ndipo urekebishe. Kama skrubu iko upande wa filta, inatawala hewa, na kuikaza kunaongeza utajiri wa mafuta. Ikiwa upande wa injini inatawala mafuta, kuikaza kunayapunguza. Tafuta pale injini inapozunguka haraka na kwa utulivu, kisha shusha sailensa kwa skrubu ya slaidi.

Ulisema pia inakuwa nzito ukipanda Kibosho. Sehemu ya hilo ni mlima. Moshi mjini tuko kati ya mita 800 na 900, na geti la Machame la kupandia Kilimanjaro liko karibu mita 1,800. Kila mita 1,000 injini inapoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu, na hewa ikipungua mafuta yanazidi. Kama plagi inarudi nyeusi yenye masizi, safisha filta kwanza, hasa ukipita vumbi la njia ya TPC, kiwanda cha sukari. Ikiwa unaishi huko juu moja kwa moja, pandisha kilipu cha sindano tundu moja ili sindano ishuke. Kwa anayeshuka mjini kila siku sishauri, kwa sababu ukifika chini kwenye hewa nzito mafuta yatapungua na injini itachemka. Kwa wenye Yamaha DT125 za tusitroki (injini ya mipigo miwili) ni hatari zaidi, pistoni inajam.

Kabureta mpya za bei rahisi zinaingia kwenye CG bila shida, lakini jeti zake si lazima zilingane na injini yako. Hata ukinunua, ile ya zamani usimwachie fundi.

Ukishafungua, niandikie namba zilizochongwa kwenye jeti zote mbili na rangi ya plagi. Ikiwa baada ya usafi sailensa bado inapanda na kushuka yenyewe, puliza maji kidogo kwenye maungio ya kabureta na injini ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo, na gasketi ndiyo ya kununua.