Mtafute kwa jina lake, si la mumewe

Dada, umeuliza utawapataje wazazi wa bibi yenu wa kale aliyeolewa Amsterdam mwaka 1764, maana jina la ukoo wa mumewe halijakufikisha popote. Wala halitakufikisha. Wanawake wa Uholanzi wa karne ya 18 kwa kawaida waliandikwa kwa majina yao wenyewe hata baada ya kuolewa. Na hilo "Jans" linalofuata jina lake huenda si la ukoo kabisa. Ni kusema tu binti wa Jan, kwa hiyo usitarajie kulikuta kwa babu yake.

Usajili wa serikali ulienea nchini humo mwaka 1811. Kabla ya hapo kuna vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko. Anza na daftari la kutangaza nia ya kuoana, ondertrouw, lililopo kwenye hifadhi ya nyaraka ya jiji. Picha zake zimo mtandaoni. Mimi nalithamini kuliko yote, kwani mara nyingi linataja umri, alikotoka, mtaa alioishi, na nani alimsindikiza: baba, mama, au ndugu mwingine ikiwa wazazi wamefariki. Kama alitia sahihi, inakili. Itakusaidia kumtofautisha na wenye jina kama lake.

Kisha soma mashahidi wa ubatizo wa wanawe, mmoja mmoja. Aghalabu walikuwa jamaa wa karibu, na mabinti wakubwa walirithi majina ya bibi zao. Huko ndiko ningemtafuta mama yake.