Usitoe hela kabla hujaiona hiyo L

Mkuu, usiende! Unasema una laptopu ya HP, EliteBook 840 G1, yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya 4GB, na jamaa wa Kariakoo amekutengea ya 8GB, aina ya DDR3, kwa sababu eti "DDR3 zote ni moja". Maneno hayo hayo niliuziwa mimi, kwa laptopu hiyo hiyo.

Si moja. Prosesa yako ni Intel ya kizazi cha nne, inataka DDR3L, volti 1.35. DDR3 ya kawaida ni volti 1.5. Kinachoponza watu ni kwamba zote zina pini 204 na pengo liko pale pale, kwa hiyo ile isiyotakiwa inaingia na kulia "ka!" kama mwenyeji.

Yangu iliingia hivyo. Kuwasha: feni inazunguka, skrini giza, taa ya Caps Lock inapepesa. Taa ile hutaja tatizo kwa idadi ya mipepeso, na ilikuwa inalia RAM, RAM! Fundi, profesa wa kujipachika, akatikisa kichwa: "Bodi imekufa, tuipashe moto." Kurudishia RAM ya zamani ni kazi ya dakika moja. Hakuna aliyeiwaza, si yeye si mimi niliyekuwa nimeshika pochi. Bodi nzima ikapigwa hita, na ilipotoka hapo ndipo ikafa kweli. Hela ya RAM? Risiti inasema mali ikishauzwa hairudishwi. Tena fundi alinichaji na ya kufungua, wakati mfuniko wa mashine hii unasukuma kifungio kwa kidole unateleza wenyewe. Nililipia kidole, wakuu.

Kwa hiyo zima, toa mfuniko, chomoa betri, soma stika ya RAM iliyomo. Utakuta PC3L-12800S. Nunua hiyo L kwanza; kampuni utachagua baadaye. Ukionyeshwa PC3-12800S, aga. Ukiambiwa "ni ile ile tu", usiage, ondoka. Yenye L inakubali hata kwenye laptopu za nyuma za volti 1.5, ila isiyo na L kwenye yako haiwaki.

Uliuliza na SSD (diski ya kuhifadhia mafaili), sijui na nini tena, wadau watakujibu. Wewe piga picha ya hiyo stika uitupie hapa kabla hujapanda daladala.