JIBU: Kaka yangu anaitwa mwizi wa korosho kwenye magrupu, tukae kimya?

Pole sana, dada. Umeuliza kama kaka yako, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko Tandahimba, anyamaze mpaka maneno ya "mwizi wa mizani" yapoe. Asinyamaze. Mjomba wangu kule Newala alizushiwa hivyohivyo, akanyamaza. Picha yake ikawa inarudi kila Oktoba minada ikianza, na watu aliokua nao tangu utotoni wakaacha hata kumpa daftari la rambirambi ashike msibani. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Kilichomsaidia mwishowe ni mizani yenyewe. Aliibeba hadi mkutanoni, akapandisha mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, kila mwanachama akasoma mshale. Kisha mwenyekiti akatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu lilelile lililoanzisha uvumi. Lilelile, siyo jingine!

Nyie pigeni skrinishoti zenye namba na tarehe leo hii, kabla hawajafuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inambana anayechapisha uongo kwa makusudi ili kumchafua mtu: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Ila kama daftari la kaka yako lina upungufu wowote, auseme mwenyewe mapema, mbele ya wanachama.