Korea Kaskazini ikilipua bomu: azimio linachelewa wapi, na balozi hufukuzwa ili iweje?

Swali: Mtaalamu, nimekuwa nikifuatilia majaribio ya nyuklia ya Korea Kaskazini. Siku ya kwanza nasikia "Baraza la Usalama lalaani vikali", kisha kimya, kisha baada ya wiki nyingi ndipo azimio linatoka. Wanachelewa nini, wakati dunia nzima imeshajua? Na nchi ikimfukuza balozi wao, ndiyo imevunja uhusiano?

Jibu: Nianze na la pili, ndilo jepesi. Hapana, haijavunja. Mkataba wa Vienna wa 1961 unaohusu uhusiano wa kibalozi unaipa nchi mwenyeji haki ya kumtangaza mwanadiplomasia yeyote kuwa mtu asiyetakiwa, wakati wowote, bila kulazimika kutaja sababu. Baada ya jaribio la 3 Septemba 2017, Mexico ilimpa balozi saa 72 afungashe. Peru, Kuwait, Hispania na Italia nazo zikachukua hatua dhidi ya mabalozi wa Pyongyang waliokuwa kwao. Lakini balozi akiondoka, ubalozi hubaki, na kaimu balozi hukalia kiti. Kuvunja uhusiano ni hatua nyingine kabisa, na nchi nyingi huikwepa kwa makusudi. Marekani haina ubalozi Pyongyang, kwa hiyo raia wake akikamatwa huko, anayebisha hodi kwa niaba yake ni ubalozi wa Sweden. Mlango huo ukifungwa, nani atabisha?

Sasa tuje kwenye kuchelewa. Tatizo si ushahidi. Mlipuko wa chini ya ardhi pale Punggye-ri, uwanja wao wa majaribio, hutikisa vipima mitetemo vya dunia nzima ndani ya dakika chache. Mtetemo wa ule wa 2017 Wamarekani waliupima kuwa na ukubwa wa 6.3, kama wa tetemeko la ardhi. Baada ya jaribio la 2006, gesi ya zenoni yenye mnururisho, ambayo mlipuko wa nyuklia huiacha hewani, ilinaswa hadi Yellowknife, Kanada. Kwa hiyo kujua wanajua.

Hesabu siku uone mwenyewe. 2006: siku 5 kutoka mlipuko hadi azimio 1718. 2009: siku 18. 2013: siku 23. Jaribio la Januari 2016: siku 56. La Septemba mwaka huohuo: siku 82. Halafu la 2017, lililokuwa kubwa kuliko yote: siku 8 tu. Ukubwa wa bomu, kama unavyoona, hauamui urefu wa mazungumzo. Kinachoamua ni kile Marekani inachotaka kukata na kile ambacho China iko tayari kukiachia, kwa sababu biashara ya nje ya Korea Kaskazini, karibu yote, hupitia China, na China ina kura ya turufu.

Na wanachogombania, mara nyingi, ni kitenzi. Hapa naomba utulie kidogo, maana ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Aya ya azimio ikianza na "Linaamua", chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kila nchi mwanachama inalazimika kutii. Ikianza na "Linatoa wito", nchi inaweza kuitika au kujifanya haikusikia. Angalia ukaguzi wa mizigo. Azimio 1874 la 2009 lilitoa wito kwa nchi zikague shehena zinazokwenda au kutoka Korea Kaskazini. Azimio 2270 la Machi 2016 liliamua kwamba nchi zote zikague shehena hizo zinapopita katika ardhi yao, ziwe zimetiliwa shaka au la. Ukiuliza zile siku 56 zilinunua nini, mojawapo ni hiyo.

Siku 82 zilinunua kikomo cha makaa ya mawe ambayo Korea Kaskazini iliuza nje. Azimio 2270 lilikuwa limepiga marufuku makaa hayo lakini likaacha upenyo: yaliyouzwa "kwa ajili ya riziki za wananchi" yaruhusiwe. Upenyo huo ulipitisha meli na meli. Azimio 2321 likauziba kwa tarakimu: kwa mwaka, tani milioni 7.5 au dola za Marekani 400,870,018, kutegemea kipi ni kidogo. Hizo dola 18 za mwisho hunichekesha kila nikizisoma, ila ndivyo hati za namna hii zilivyo. Mtu alikaa na kikokotoo.

Ile haraka ya 2017 nayo ilikuwa na bei. Rasimu ya kwanza ya Marekani ilitaka mafuta yakatwe kabisa. Kilichopita katika azimio 2375 ni kikomo cha mapipa milioni 2 ya mafuta yaliyosafishwa kwa mwaka. Kikomo kilishuka hadi mapipa 500,000 Desemba ya mwaka huo, tena si kwa sababu ya bomu bali kombora la masafa marefu lililorushwa Novemba.

Nani husimamia utekelezaji? Kila nchi hujisimamia yenyewe. Tangu 2009 kulikuwa na Jopo la Wataalamu la kufuatilia nani anakiuka, lakini 28 Machi 2024 Urusi ilipiga kura ya turufu dhidi ya kuliongezea muda. Likafungwa mwisho wa Aprili.

Nirudi kwa balozi wako. Kumfukuza hutengeneza habari ya siku moja. Kilichoziumiza balozi zao zaidi ni aya zisizovuma: azimio hilohilo 2321 liliruhusu akaunti moja tu ya benki kwa kila ubalozi na moja kwa kila mwanadiplomasia, na likakataza majengo yao kutumika kwa shughuli zisizo za kibalozi. Mjini Berlin, jengo moja ndani ya eneo la ubalozi wao lilikuwa limekodishwa na kugeuzwa hosteli ya watalii. Kitenzi kilikuwa "linaamua", tarehe ilikuwa 30 Novemba 2016. Baada ya kesi mahakamani, hosteli ilifungwa 2020.