Gari linamisi, fundi anasema kompyuta imekufa: pima ethi kwanza

Nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu gari lilipoanza kutetemeka kama mtu aliyeshikwa na homa. Mshale wa resi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, ambao siku zote hutulia kwenye 750, ukawa unashuka mpaka 400, unaruka mpaka 1,100, unashuka tena. Nikiwasha AC, injini inazima. Ukilikanyaga mafuta linakwenda bila shida. Tabu yote ilikuwa kwenye sailensi, yaani gari limesimama na mguu hauko kwenye pedali. Na taa ya injini ndiyo hiyo, inawaka kwenye dashibodi.

Fundi akachomeka mashine ya kusoma makosa. Ikatoa misimbo minne: P0300, yaani misi (mafuta kutoungua vizuri ndani ya silinda) isiyochagua silinda, kisha sensa ya hewa, sensa ya throto (mlango wa hewa wa injini) na sensa ya oksijeni. Akatikisa kichwa. "Sensa tatu haziwezi kufa siku moja. Kontroli boksi hii imekwenda," yaani kompyuta ya injini. Sentensi ya kwanza ilikuwa kweli tupu. Ya pili ilinilaza bila gari siku tisa.

Tuliazima kompyuta ya gari kama langu, namba ile ile mpaka herufi ya mwisho. Injini ikawaka, sekunde mbili, ikazima. Tukarudia, ikazima. Katika magari mengi kompyuta na chipu ya ufunguo hufundishwa kujuana, na ukileta kompyuta ngeni inakatalia mbali. Kwa hiyo jaribio lile halikutuambia lolote kuhusu ugonjwa; lilituambia tu kwamba ufunguo wangu haujulikani huko. Ukisikia fundi anataka kubadilisha kompyuta "tuone tu", muulize kwanza habari ya ufunguo.

Nililirudisha gari nyumbani kwa kuvutwa na nikaanza na swali ambalo ningeuliza siku ya kwanza: ni nini kimeguswa hivi karibuni? Siku mbili kabla ya matatizo, throto ilifunguliwa ikasafishwa. Nikafungua boneti nikafuata mikono ya aliyeisafisha. Chini ya throto, kwenye manifoldi ya hewa (bomba linalogawia silinda hewa), kuna boliti ndogo inayoshika pete ya nyaya mbili nyeusi. Hizo ndizo ethi za kompyuta, yaani nyaya zinazoiunganisha na upande hasi wa betri. Kwa macho zilikuwa mahali pake, safi, hazina kutu.

Nikachukua mita ya umeme, nikaiweka kwenye volti za DC. Ncha nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri, nyekundu kwenye ile pete. Injini inanguruma, taa kubwa na feni vimewashwa. Ethi nzima hapo husoma karibu na sifuri, ikivuka 0.2 naanza kuitilia shaka. Yangu ilisoma 0.7, na ikawa inacheza sawasawa na mtetemo wa injini. Nikaigusa boliti kwa kidole. Ikazunguka.

Kompyuta haina macho. Inasoma sensa kwa kulinganisha volti zake na ethi, na ethi ikielea, kila kipimo kinaelea nayo. Sensa ya hewa ikionekana inatoa volti ambazo si zake, mafuta yanapimwa kwa hesabu ya uongo. Kwenye mwendo kosa hilo humezwa, kwa sababu hewa na mafuta ni mengi. Kwenye sailensi, ambako injini inaishi kwa kiasi kidogo sana cha hewa, kosa dogo linatosha kuitikisa. Niliikaza boliti kwa spana namba 10, nikafuta misimbo, mshale ukarudi 750 ukatulia. Nilicheka peke yangu, kicheko cha hasira kidogo.

Tangu hapo, misimbo mingi isiyo na uhusiano ikitoka kwa pamoja, natafuta kinachoziunganisha sensa hizo kabla ya kulaumu yoyote. Betri kwanza: injini imezimwa isome karibu 12.6, na ikinguruma, katika magari mengi, iwe kati ya 13.5 na 14.7. Halafu fyuzi na rilei ya kompyuta. Halafu ethi. Mwisho ile njia ya volti 5, ambayo wengi huiruka. Sensa nyingi hulishwa volti 5 na kompyuta, na mara nyingi kadhaa hugawana njia moja. Moja ikipiga shoti inaivuta 5 yote chini, wenzake wanaonekana wafu, na wakati mwingine hata mashine ya kupimia inashindwa kuongea na gari. Washa swichi bila kuwasha injini, weka mita kwenye waya huo, kisha chomoa soketi za sensa moja moja. Volti 5 ikirudi, uliyoichomoa sasa hivi ndiyo mkosaji.

Msimbo ukiwa mmoja, kazi ni nyepesi. P0302 ni misi ya silinda ya pili: hamisha koili yake, inayotoa umeme wa cheche, uipeleke ya tatu. Msimbo ukigeuka P0303, koili ni mbovu. Usipohama, jaribu plagi vivyo hivyo, kisha nozeli, mwisho pima kompresheni (mgandamizo wa silinda). P0171, yaani hewa imezidi mafuta, pamoja na sailensi mbaya inayopona ukipandisha resi, tafuta mpira wa hewa uliopasuka. Mara nyingi utausikia unafyonza. Na taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima badala ya kuwaka moja kwa moja, simama. Petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega ya katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi.

Kompyuta hufa, sikatai. Maji huingia kwenye soketi, kapasita za magari ya zamani huvuja na kula bodi, koili yenye shoti huunguza transista inayoiendesha. Ila hata hapo, usifunge nyingine kabla hujakipata kilichoiua ya kwanza, la sivyo utaunguza mbili.

Jambo moja dogo: ukichomoa betri au ukisafisha throto, magari mengi husahau kipimo chao cha sailensi na hutetemeka kidogo mpaka yajifunze upya. Fuata utaratibu wa kitabu cha gari lako kabla ya kurudi kwa fundi kulalamika.